Kuamia Matunda ya Uani: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Ndege Wasimalize Mapapai, Maembe na Makomamanga Mtwara na Lindi

Mwenye mpapai uani, awe Mikindani, Ligula au Ng'apa, anajua mambo yanavyokwenda. Papai linakaa kijani wiki baada ya wiki na hakuna anayeligusa. Likianza kupiga njano upande mmoja, unasema kesho nitalichuma. Kesho asubuhi unalikuta limetobolewa, mbegu nje, na sisimizi wameshajipanga.

Wengi hukimbilia manati, sanamu la nguo kuukuu au, vibaya zaidi, sumu. Mwongozo huu unaanzia kwenye tunda lenyewe: kulitoa mtini kabla ndege hajalitamani, na kulifunika lile lisiloweza kutolewa mapema. Kufukuza ndege kunakuja baadaye, kama nyongeza tu. Nimeupanga hivyo makusudi, kwa sababu kila aliyewahi kukaa dunguni akiamia mpunga au mtama anajua kazi hiyo haiishi. Ukigeuka, wamerudi.

Hatua ya 1: Hakikisha mwizi ni ndege

Usinunue chochote kabla hujakagua matunda yaliyoharibika. Ndege hula mchana, hasa alfajiri na jioni, na tunda alilolila hubaki linaning'inia. Tundu lake lina kingo zilizochanika, na mara nyingi liko upande ulioanza kuiva. Popo huja usiku. Yeye hupenda kulibeba tunda akalile pembeni, kwa hiyo asubuhi unakuta makapi yaliyotafunwa na kutemwa chini ya mti mwingine kabisa, na tunda lililobaki lina alama za meno. Tumbili na ngedere huvunja matawi na kuangusha matunda waliyoyang'ata mara moja tu.

Halafu yupo inzi wa matunda. Huyu hatoboi tundu la kuonekana. Kuna kitobo cha ncha ya sindano, ngozi inayozunguka inalainika, na ukipasua unakuta funza. Aina iliyotuletea hasara kubwa kwenye maembe na mapera ilitoka Asia, na ilionekana kwa mara ya kwanza Kenya na Tanzania mwaka 2003. Maembe mengi tunayosema yameliwa na ndege yaliharibiwa kwanza na inzi huyu. Ndege amekuja kumalizia lililokwisha kulainika. Kulijua hili ni muhimu, maana wavu wa ndege haumzuii inzi, ilhali kifuko cha karatasi kinawazuia wote wawili.

Ukishathibitisha ni ndege, mtazame ni yupi. Kuzumburu ni wa kahawia, ana mkia mrefu kuliko mwili, na huja kwa kundi. Hupenya katikati ya matawi kama panya, na mbali na matunda hula pia machipukizi na majani mateke. Kwa mapapai na mapera huyu ndiye adui mkubwa. Shore ana kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Huja wawili wawili, wanapiga kelele sana, ila wanakula kidogo. Kwezi wa rangi ya buluu inayong'aa hupenda matunda madogo. Ninga, yule njiwa wa kijani, hujificha majanini hata usimwone mpaka aruke. Hondohondo hatoi onyo: mdomo ule mkubwa unamega papai zima kwa muda mfupi, hasa kwa wanaokaa karibu na misitu na vichaka. Kunguru ana sehemu yake mbele.

Chozi, kile kindege kidogo chenye mdomo mrefu uliopinda, muache kabisa. Anafuata asali ya maua na wadudu, na anasaidia uchavushaji. Ukimwona kwenye ua la mgomba au la mkomamanga, yuko kazini kwako.

Hatua ya 2: Gawa matunda yako mafungu mawili

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hapahitaji senti. Matunda mengine huendelea kuiva yakishachumwa, mengine hapana. Fungu la kwanza ni papai, embe, ndizi, stafeli, topetope, parachichi na fenesi. La pili ni komamanga, chungwa, chenza, ndimu, nanasi na zabibu: hayo ukiyachuma mabichi yatabaki hivyo hivyo.

Fungu la kwanza usiliache liive mtini. Lichume likiwa limekomaa, kisha ulivundike ndani. Bibi zetu walivundika ndizi na maembe tangu zamani, na kwa vita vya ndege sijaona silaha inayoizidi hiyo.

Papai: lichume mara mstari wa kwanza wa njano unapotokea kati ya mabonde yake au kwenye kitako. Usingoje mstari wa pili. Ukilichuma kijani kitupu litalainika bila utamu, ila likiwa na mstari mmoja sukari yake iko tayari. Liweke kivulini ndani ya nyumba, na kwa joto la pwani siku 3 hadi 5 zinatosha.

Embe: liangalie mashavu. Embe lililokomaa lina mashavu yaliyojaa na kupanda juu, kikonyo kikaonekana kimezama kwenye shimo dogo. Ukilikata moja la kujaribia, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano. Dodo na bolibo zote huonyesha dalili hizi. Chuma ukiacha kikonyo kidogo, kisha liinamishe utomvu umwagike chini, kwa sababu utomvu huunguza ngozi ya embe na ya mchumaji pia.

Stafeli: miiba yake huachana na ngozi hupauka kidogo. Likibonyea ukiligusa, umeshachelewa, maana ndege na sisimizi walilijua jana. Topetope huonyesha rangi ya njano hafifu kwenye mifereji iliyo kati ya vigamba. Mkungu wa ndizi ukate kingo za ndizi zinapoanza kuwa mviringo.

Kuvundika kwenyewe ni rahisi. Tandika gazeti au majani makavu ya mgomba kwenye kapu, sanduku au debe safi, panga matunda bila kuyabana, weka ndizi mbivu 2 au 3 katikati, funika kwa gunia. Ndizi mbivu hutoa ethilini, gesi inayoivisha matunda yaliyo jirani nayo. Fungua kila siku, toa yaliyoiva, ondoa lolote lenye doa la kuoza kabla halijaambukiza mengine. Wapo wanaoivisha kwa kabaidi ili wawahi soko. Kwa chakula cha familia yako sioni sababu yoyote ya kuingiza kemikali hiyo ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Fungia tunda moja moja

Kwa matunda ya fungu la pili, na kwa yale ya kwanza unayotaka yaivie mtini, kifuko ndicho jibu. Kazi yake inachosha lakini inafanyika mara moja kwa msimu.

Kifuko bora ni cha karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa dukani. Inapitisha hewa na inamficha ndege rangi ya tunda. Karatasi za mfuko wa saruji zinafaa pia, ila chukua tabaka la nje lisilogusana na saruji, likung'ute na kulifuta vizuri, maana vumbi la saruji ni kali kwa ngozi. Gazeti la kukunja mara mbili linakwenda, ingawa mvua zikianza, kama zinavyoanza huku kusini Novemba au Desemba, utalibadilisha. Kwa mapapai na makomamanga, mifuko ya neti ya vitunguu ni imara na inadumu misimu kadhaa. Matundu yake hayamzuii inzi, kwa hiyo ukitaka ulinzi kamili weka karatasi ndani yake.

Mifuko ya plastiki usitumie. Ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata bila sheria hiyo, plastiki hutega joto na unyevu, tunda likaoza ndani bila kuguswa. Na chandarua kinachofaa kulalia kiwe cha kulalia. Malaria haijaondoka Mtwara wala Lindi, na papai halina thamani ya usiku mmoja wa mtoto bila chandarua. Kitambaa cha pazia jepesi kilichochakaa kinafanya kazi hiyo hiyo.

Ufungaji unakwenda hivi. Embe lifungie likiwa na ukubwa wa yai la kuku. Kwanza punguza, uache moja au mawili kwenye kila shada, ukiondoa yenye madoa na yaliyobanana. Chagua asubuhi kavu, umande ukishaondoka. Futa tunda, hakikisha hakuna sisimizi wala vidungata (wale wadudu weupe kama unga), la sivyo utakuwa umewajengea nyumba. Vika kifuko kutoka chini kwenda juu, kusanya mdomo wake kuzunguka kikonyo, funga kwa ukindu, uzi wa katani au kamba ya mgomba. Fundo liwe la kushika, lisikaze hadi kukata kikonyo. Acha nafasi ya tunda kukua, na ukate pembe mbili za chini ili maji ya mvua yatoke.

Komamanga lifungie mara ua linapokauka na tunda likawa saizi ya limau dogo. Kwa kuwa haliivi nje ya mti, halina njia nyingine. Karatasi pia inalikinga na jua linalounguza ngozi yake. Utajua limekomaa pembe zake zinapoanza kujitokeza, likaacha kuwa duara kamili, na ukiligonga kwa kucha likatoa mlio mkavu. Pera lifungie likiwa bado gumu na la kijani, maana siku mbili tu baada ya kubadilika rangi kuzumburu wameshaitana.

Kwa mipapai mirefu yenye matunda mengi shinani, kufunga moja moja kunachosha. Suka pakacha la makuti, lipasue upande mmoja, lizungushie shada lote la mapapai yanayokaribia, ulifunge kwenye shina. Makuti hayakosekani huku, hayashiki joto, na hondohondo hapati pa kuingiza mdomo. Pakacha moja huvumilia miezi kadhaa. Fenesi nalo livike gunia au makuti vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Wavu, na jinsi ya kuuweka bila kuua

Wavu una maana kwa mti mfupi wenye matunda mengi: mkomamanga, mpera, mchenza, au chanja la pasheni. Kwa mwembe wa miaka mingi, usijisumbue.

Huku pwani kishawishi ni kuchukua wavu chakavu wa kuvulia. Wavu wa nyuzi nyembamba za plastiki zisizoonekana ni mtego wa mauti: shore ananasa mguu, anajipigapiga mpaka anakufa, na nyoka wananasa pia, jambo litakalokuletea hatari nyingine. Tumia wavu mweupe au wa rangi inayoonekana, wa nyuzi nene zilizofumwa. Matundu yasizidi sentimita 2, na kadiri yanavyokuwa madogo ndivyo inavyokuwa salama zaidi. Wavu ambao kidole chako hakipiti ndio bora.

Usiutupe juu ya majani. Wavu uliolala kwenye tawi unamruhusu ndege kutua juu na kudonoa kupitia matundu. Simika fito 4 za mianzi kuzunguka mti, zizidi kilele kwa nusu mita, unganisha juu kwa fito nyingine, kisha tandaza wavu ukiwa umekazwa. Mianzi inatosha. Fito za mikoko ziacheni, misitu ile inalindwa na ndiyo mazalia ya samaki. Chini, wavu ufike ardhini na ubanwe kwa mawe au matofali pande zote, maana kuzumburu atatafuta mwanya mpaka aupate.

Weka wavu matunda yakishashika. Ukiuweka wakati wa maua, nyuki na chozi hawatafika, nawe hutapata cha kulinda. Kagua asubuhi na jioni bila kukosa. Ukimkuta ndege amenasa, mfunike kwa kanga ili atulie, mshike kwa mkono mmoja bila kumbana kifua, kata nyuzi kwa mkasi ukianzia miguuni. Wavu unaweza kushonwa.

Hatua ya 5: Ushushe mti ufikike

Yote niliyoeleza yanategemea mkono wako kulifikia tunda. Mwembe wa mita 12 ni wa ndege, na haina haja kudanganyana. Mwembe mchanga wa uani uzuie usipite mita 4. Mara baada ya mavuno, Februari au Machi, kata tawi la katikati linalokimbilia juu na fungua katikati ya mti hewa na mwanga viingie. Kuzumburu na ninga hupenda majani mazito ya kujifichia, na mti uliofunguliwa unawanyima maficho. Usikate kuanzia Mei, maana huku maua ya miembe huja katikati ya mwaka na utakuwa unakata matunda yako mwenyewe.

Mpapai ukishakimbia juu, panda mwingine. Papai huzaa ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo kuwa na mmoja mdogo unaopokea zamu daima ni bora kuliko kuhangaika na ngazi.

Hatua ya 6: Vitisho, kwa siku zile za mwisho

Vitisho vinafanya kazi, ila kwa muda mfupi. Ndege akiona jambo lile lile siku chache bila kudhurika, analizoea. Kwa hiyo usivitundike mapema. Vitoe pale tu matunda yanapoanza kubadilika rangi, vihamishe kila baada ya siku 2 au 3, na ubadilishe aina.

CD zilizoharibika zitundikwe kwa uzi mrefu zizunguke, kwenye ncha za matawi, zisizamishwe ndani ya majani. Mkanda wa kaseti uliokazwa kati ya miti miwili hutetema na kuvuma upepo ukipita. Maembe huiva wakati wa kaskazi, kwa hiyo ukaze mkanda ukikingama upepo huo unaotoka kaskazini mashariki. Kwa matunda ya katikati ya mwaka, kusi ndiye wa kumpima. Makopo matupu yenye kokoto yafungwe kamba ndefu inayofika jikoni, anayepika alfajiri avute kila akikumbuka. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye thamani kuliko siku nzima iliyobaki. Sanamu la nguo halifai kitu lisipohama.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Haifukuzi ndege, na isipulizwe kwenye matunda kwa matumaini hayo.

Kiangazi weka pia maji. Kuanzia Juni hadi Oktoba vidimbwi vinakauka, na tunda bivu kwa ndege ni chakula na maji pia. Bakuli pana lenye jiwe katikati, kwenye kona iliyo mbali na miti yako, huwapunguzia sababu ya kutoboa. Yabadilishe kila baada ya siku 2, mbu wasizaliane. Na uokote mabibo, maembe na mapera yaliyoanguka kila asubuhi. Yakibaki chini yanaita ndege na kulea funza wa inzi. Yazike kwa kina kirefu. Tunda lenye alama za meno ya popo lisiliwe, hata upande uliobaki mzima.

Kunguru

Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka, akaenea pwani. Ana akili, anakumbuka nyuso za watu, na CD hazimbabaishi zaidi ya asubuhi moja. Anachofuata nyumbani kwako kwanza ni mabaki: matumbo ya samaki, ukoko wa ugali, jalala lililo wazi. Funika jalala, osha mahali unapoparulia samaki, na mlishe kuku kiasi wanachomaliza. Kiota kinachoanza kujengwa juu ya mti wako kishushe mapema kabla hakijawekwa mayai. Wakizidi mtaani, pelekeni suala kwa afisa wanyamapori wa halmashauri kupitia serikali ya mtaa, kwani nyumba moja haiwezi kundi zima.

Usifanye haya

Sumu kwenye tunda haichagui. Itamdhuru mtoto wa jirani, kuku, paka aliyekula ndege aliyekufa, na tai aliyekula paka. Hakuna dozi salama ya dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye papai. Ulimbo wa fenesi hunasa chozi na shore sawasawa na kuzumburu, na kifo chake ni cha mateso. Ndege wa porini wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuwawinda bila kibali ni kosa. Hao hao kwezi na shore, miezi isiyo na matunda, ndio wanaookota viwavi na panzi kwenye bustani yako ya mchicha.

Waachie mti mmoja

Kama una mzambarau, au mwembe mrefu wa sindano usiofikika, usiulinde. Zambarau ni ndogo, ni nyingi, huiva kwa pamoja, na hakuna kifuko wala wavu unaoweza kazi hiyo. Uache uwe wa ndege, na vifuko na nguvu zako uvipeleke kwenye miti mifupi. Ukiwa unapanda sasa, panda mzambarau kwenye mpaka wa mbali na mipapai, ukielewana na jirani kwanza, kwani kinyesi cha ndege wenye zambarau tumboni hakitoki kwenye nguo nyeupe zilizoanikwa.

Matunda yakiisha, fungua nyavu siku hiyo hiyo, usiziache zikipepea hadi msimu mwingine. Zioshe chumvi na vumbi, zikauke kivulini, zikunje na kuzitundika juu ya dari mahali panya hawafiki. Vifuko vya karatasi vilivyobaki vizima hesabu moja kwa moja ni vingapi, ili ujue ni kaki kiasi gani utanunua maua yakitokea.